Wazee Waliipiga Marufuku Puta Hii, Halafu Wakaigeuza

Wasee, kuna Jumamosi moja nilikuwa kwenye grini ya mazoezi, uwanja fulani hapa Nairobi, nikijipigia zangu mipira ya mita tatu. Mzee mmoja wa kofia nyeupe akasimama nyuma yangu. Akaangalia fimbo niliyoshika, akaangalia marafiki zake, akasema, "Kijana, hiyo ni puta ama ni jembe?" Wakacheka wote. Halafu akaniinulia yake, nyembamba, inang'aa, akaniambia ati hii ndiyo puta ya mtu anayejua gofu. Ile kubwa ni ya wale hawawezi.

Nikatabasamu vile mtu hutabasamu akiwa kwa nyumba ya wenyewe. "Sawa mzee." Lakini ndani nilikuwa nimechomeka.

Puta yangu nilipewa na mjomba. Mjomba ni kedi, amebeba mifuko ya watu kwa mabega miaka mingi kuliko umri wangu, na ukimuuliza mambo ya gofu hana maneno mengi. Siku alinipa hiyo fimbo, mitumba, mpini umekwaruzwa, alisema tu, "Chukua hii. Hii inasamehe." Sikuelewa. Fimbo inasameheje? Basi jioni ile baada ya kuchekwa nilirudi nyumbani nikaanza kusoma, na kumbe mzee wa kofia alikuwa anarudia kicheko chenye zaidi ya miaka mia moja.

Kwa wale hawajui gofu, nifafanue haraka. Puta ni ile fimbo ya mwisho, ya kusukuma mpira shimoni ukishafika kwenye nyasi fupi. Ziko aina mbili kubwa. Bledi ni nyembamba, kama kisu cha mkate. Maleti ina kichwa kikubwa kinachoenda nyuma, mara nusu mwezi, mara mraba wenye mabawa, mara kitu kama kimeanguka kutoka kwa setilaiti. Watu hudharau puta kwa sababu haina fujo ya draiva, lakini hesabu inasema vingine. Uwanja wa kawaida wa pigo 72 umepangwa ukikuhesabia mapigo mawili ya puta kwa kila shimo. Mashimo 18 mara mbili ni 36. Nusu ya mchezo, buda.

Sasa twende Marekani, mwaka 1902, mji wa Schenectady, jimbo la New York. Mji huo ulikuwa wa kampuni ya General Electric, na mhandisi wake mmoja, Arthur Knight, alikuwa amechoka na puta yake. Akatengeneza nyingine ya aluminiamu, kichwa kipana, na badala ya mpini kuingilia kwenye kisigino cha kichwa kama ilivyokuwa desturi, akausogeza karibu na katikati. Mwaka uliofuata akapata hataza. Watu wakaiita Schenectady, kwa jina la mji.

Fimbo hiyo ingebaki mapenzi ya watu wachache kama si Walter Travis. Huyu jamaa nampenda sana. Alizaliwa Australia mwaka 1862, akahamia Marekani, na hakugusa gofu mpaka 1896, akiwa na miaka 34. Miaka 34! Siku hizi ukianza na 20 unaambiwa umechelewa. Hakuwa na nguvu ya kupiga mpira mbali, kwa hiyo alijifunza kupiga moja kwa moja na kuputi kama mashine. Miaka minne tu baada ya kuanza akawa bingwa wa taifa wa wachezaji wa ridhaa, akarudia 1901 na 1903.

Mwaka 1904 akavuka bahari kwenda Uingereza kucheza ubingwa wao wa ridhaa, Royal St George's, pale Sandwich. Mazoezi yalimwendea vibaya, puta yake imekataa kabisa. Rafiki Mmarekani akampa Schenectady ajaribu. Mashindano yakaanza na mipira ikaanza kuzama. Akamtoa Harold Hilton, akamtoa Horace Hutchinson, wote wawili mabingwa wa zamani. Fainali akakutana na Edward Blackwell, mmoja wa watu waliokuwa wanapiga mpira mbali zaidi duniani wakati huo. Blackwell anamwacha nyuma kila pigo la kwanza, Travis anafika kwenye grini, anatoa ile aluminiamu yake, anamaliza. Akashinda akiwa mbele kwa mashimo 4, yakiwa yamebaki 3. Hakuna mtu kutoka nje ya Uingereza aliyekuwa amewahi kulibeba kombe hilo. Mwenyewe alilalamika baadaye kwamba wenyeji hawakumkaribisha vizuri, na kwamba kedi waliyempa alikuwa hafai kitu. Waingereza nao walikuwa na malalamiko yao juu ya tabia zake, kwa hiyo hiyo sehemu sitaki kuamua.

Mwaka 1910 wakuu wa St Andrews, yaani R&A, wenye sheria za gofu, wakatoa uamuzi: puta za namna ya nyundo marufuku. Schenectady ikaingia humo humo.

Hapa kila mtu anayesimulia hii stori husema ilikuwa kisasi. Mgeni amekuja, amewachapa nyumbani, wakampokonya silaha. Ni stori tamu, na nilitaka sana kuiandika hivyo. Shida ni kwamba kati ya ushindi na marufuku kuna miaka sita, na swali lililoanzisha uamuzi lilitoka mbali kabisa: klabu ya Nga Motu, New Zealand, iliuliza kama mtu anaruhusiwa kuputi na nyundo ya kroketi. R&A wakajibu hapana, na jibu likapanuliwa mpaka likaifikia Schenectady. Sasa wewe jiulize kama mtu anaweza kusahau Sandwich wakati anachora mstari unaopita juu ya fimbo ya Travis. Mimi naona kisasi hakikuwa sababu, ila hakuna mtu pale mezani aliyeona uchungu kuipoteza ile fimbo.

Wamarekani wakakataa kufuata. Rais wao wakati huo, William Howard Taft, alikuwa mpenzi wa gofu na alitumia hiyo hiyo Schenectady, akaitetea hadharani. Chama chao, USGA, kikaendelea kuiruhusu. Basi ikawa fimbo moja ni halali New York na haramu London, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sheria za gofu kugawanyika kati ya pande mbili za bahari. Ilichukua mpaka 1951 wakakaa pamoja, wakaandika sheria moja, na puta yenye mpini katikati ikaruhusiwa tena kila mahali. Zaidi ya miaka 40.

Na sisi tulikuwa upande gani? Nairobi Golf Club, inayoitwa Royal Nairobi leo, ilianzishwa 1906. Gofu ya hapa ililetwa na Waingereza na ikafuata St Andrews, na mpaka leo Kenya iko upande wa R&A. Kwa hiyo hesabu mwenyewe: gofu yetu ilipokuwa na miaka minne, wazo la kwamba puta ya kusaidia ni aibu lilikuwa tayari limeandikwa kwenye sheria yake. Waafrika wakati huo walikuwa wanaingia kwenye viwanja hivyo wakiwa wamebeba mifuko ya wengine. Waliona na kusikia kila kitu, puta ipi inachekwa, ipi inaheshimiwa, na hakuna aliyewauliza wao wangechagua nini. Nikifikiria mjomba na maneno yake machache hapo ndipo nanyamaza kidogo.

Turuke mpaka 1959. Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Marekani akiwa mtoto mdogo, akakulia Seattle. Alikuwa fundi viatu. Baadaye akawa mhandisi, na sikiza hii, akaajiriwa General Electric, kampuni ile ile ya Knight. Gofu alianza akiwa na miaka 42, alipovutwa na wenzake wa kazini. Akagundua anaputi vibaya. Mtu mwingine angelaumu mikono. Yeye akalaumu fimbo.

Wazo lake ni rahisi sana na ndilo siri yote ya neno "kusamehe". Chukua mti wa mita moja, ushike katikati, uuzungushe kushoto na kulia. Rahisi. Sasa funga jerikani ya maji kila ncha, ushike palepale katikati, ujaribu tena. Unakataa. Uzito ukikaa mbali na katikati, kitu kinakuwa kigumu kuzunguka. Solheim alijaribu kwa vijiti vya aiskrimu na vipande vya sukari: sukari ikiwa katikati, puta ya mchezo inajipinda kirahisi, sukari ikiwa ncha mbili, inatulia.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu mimi na wewe hatupigi mpira katikati ya uso wa puta kila mara. Tunaupiga huku kwenye ncha, tunaupiga kule kwenye kisigino. Kichwa chepesi kikigongwa pembeni kinazunguka, uso unafunguka au unafungwa, mpira unapoteza mwendo na njia. Piga hesabu: shimo lina kipenyo cha milimita 108. Ukiwa mita tatu, uso ukielekea pembeni kwa digrii moja tu, mpira unafika ukiwa umeacha katikati ya shimo kwa kama milimita 52, unagusa mdomo. Digrii mbili, umepita nje kabisa. Digrii mbili ni kitu hata macho yako hayaoni.

Solheim akatengeneza puta yake ya kwanza kwenye gereji yake, Redwood City, California. Ikigonga mpira ilitoa mlio, ping, na jina la kampuni likatoka hapo. Mwaka 1966 akaleta nyingine, uzito umepelekwa kisigino na ncha, nyuma pamechimbwa. Akakosa jina. Mke wake, Louise, akapendekeza neno la Kiingereza la "jibu", na kwa vile halikutoshea vizuri kwenye chuma, akamwambia aondoe herufi moja. Ikawa Anser. Ishike hiyo puta kwa akili, nitairudia.

Maleti zilichukua wazo la Solheim zikalipeleka mbele: kama uzito kwenye ncha mbili unasaidia, basi upeleke na nyuma pia. Watu wakaendelea kucheka. Mwaka 1986 Jack Nicklaus alifika Augusta akiwa na miaka 46, magazeti yameshamzika, na mkononi ana MacGregor Response ZT, kichwa kikubwa cha aluminiamu ambacho kilionekana kama kifaa cha jikoni. Raundi ya mwisho akapiga 65, mashimo tisa ya mwisho 30. Shimo la 17, mpira haujaingia bado na yeye ameshainua ile puta hewani kwa mkono wa kushoto. Mpaka leo hakuna aliyeshinda Masters akiwa na umri mkubwa kuliko huo. Baada ya hapo kila mtu alitaka kifaa cha jikoni.

Odyssey ya duara mbili nyeupe ilikuja 2001, Spider ya TaylorMade 2008, sitakaa hapo sana. Twende kwa Scottie Scheffler, kwa sababu hii umeiona ikitokea.

Mwaka 2023 Scheffler alikuwa bora kuliko wote kuanzia pigo la kwanza mpaka kufika kwenye grini. Kwa kuputi, takwimu za PGA Tour zilimweka nafasi ya 162. Ilikuwa noma kutazama, mtu anapika chakula kizuri halafu anakimwaga mlangoni. Februari 2024, mashindano ya Genesis pale Riviera, Los Angeles, Rory McIlroy akasema kwenye matangazo ya televisheni kwamba angependa kumwona Scheffler akijaribu maleti, kwa vile yeye mwenyewe ilimsaidia. (Na unajua nyasi za Riviera ni gani? Kikuyu. Nyasi zetu, zenye jina la hapa hapa, zinawatesa matajiri wa Hollywood. Hii haina uhusiano na puta, lakini singeweza kuiacha.) Machi, Scheffler akatokea na Spider. Akashinda Arnold Palmer Invitational kwa mapigo matano. Wiki iliyofuata The Players. Aprili, Masters. Mwaka ukaisha ana mataji saba ya PGA Tour na dhahabu ya Olimpiki ya Paris. Mwaka 2025 Rory mwenyewe akashinda Masters na Spider.

Sasa, usikimbie kununua. Maleti ina uongo wake pia. Inasamehe kosa la kugonga pembeni, basi. Haikusomei mteremko. Haikuambii upige kwa nguvu gani, na wengi wetu tunakosa hapo zaidi. Kuna watu bledi inawapa hisia mikononi ambayo kichwa kikubwa kinaificha, na hao wasibadilishwe kwa nguvu.

Kama unatafuta yako, fanya nilichofundishwa na mjomba. Weka mpini juu ya kidole ulale sawa, halafu angalia kichwa. Uso ukitazama juu mbinguni, hiyo inampenda mtu anayesukuma mkono moja kwa moja, nyuma na mbele. Ncha ikianguka chini, inampenda mtu ambaye mkono wake unaenda kwa upinde. Watu hudhani maleti zote ni za aina ya kwanza. Si kweli, nyingi siku hizi zina shingo fupi iliyopinda na ncha inaanguka kidogo, ndiyo sababu hata wenye mkono wa upinde wanazitumia. Ukikosea hapo utapigana na fimbo yako kila siku.

Halafu ipige makusudi vibaya. Mipira mitano katikati, mitano kwenye ncha, mitano kwenye kisigino, umbali ule ule, nguvu ile ile. Angalia ile mibaya imesimama wapi ukilinganisha na mizuri. Hapo ndipo utajua kama neno "inasamehe" ni kweli ama ni maneno ya duka. Simama pia juu yake uangalie ile mistari ya kichwani: wengine inawatuliza, mimi mistari mingi inanichanganya, nahisi kama niko kwa zebra nikingoja taa. Na urefu, tafadhali. Ukinunua mitumba ya mtu mrefu, kata mpini kwanza ndipo uanze kujilaumu, lakini ujue ukikata kichwa kitahisi chepesi.

Nilirudi pale uwanjani wiki mbili baadaye. Mzee wa kofia nyeupe alikuwepo, na safari hii hakuwa na hadhira. Nikamsalimia shikamoo, nikamwomba nione puta yake. Akanipa kwa fahari, ukweli ni nzuri sana. Nikaigeuza. Nyuma pamechimbwa, uzito umekaa kisigino na ncha, shingo imepinda vile vile. Umbo la Anser, lile la fundi viatu aliyeanza gofu na miaka 42 akaamua kosa si la mikono yake. Hata puta ya Tiger Woods, ile Newport 2 aliyoshindia mataji 14 makubwa kati ya 15, ni mjukuu wa hiyo hiyo.

Nikamwambia, "Mzee, na hii pia inasamehe."

Akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza habari za Solheim, sukari na vijiti, na za Travis, na marufuku ya 1910. Alisikiza mpaka mwisho, sitamsema vibaya. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu lete hilo jembe."

Akapiga mipira sita. Minne ikaingia. Hakusema kitu, akanirudishia, akaenda kunywa chai.